Shomoro wa Nyongeza

Leo sianzi na "Paukwa". Paukwa ni ya sungura na fisi, na wote tunajua kwamba fisi hajawahi kuvaa kanzu akaenda kuposa. Hii ya leo ina tarehe, ina miji, na mhusika wake alipigwa picha ambazo zipo hadi sasa. Kaeni vizuri. Wewe wa mlangoni, ingia ndani mwanangu, unatuzibia mwanga.

Tutaanzia sokoni. Nilipokuwa na umri wenu, kila Jumamosi nilimbebea bibi yangu kikapu. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, mpole, lakini akifika mbele ya fungu la nyanya upole wote aliuweka kando. Aliinama, akazigeuza moja moja, akauliza bei, akasonya, akaondoka hatua tatu, akaitwa, akarudi. Nyanya zikishaingia kikapuni na hela ikishatoka kwenye pindo la khanga, ndipo alipofungua mdomo tena: "Haya, na nyongeza yangu?"

Muuzaji alilalamika kidogo. "Bibi, kwa bei hiyo nimekupa bure." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta, na haukutafuta nyanya nzuri. Uliyaruka mafungu yote yaliyopangwa, ukaenda pembeni kwenye zile zilizobonyea, ukachagua moja ndogo yenye ufa karibu na kikonyo, ikatupwa kikapuni juu ya wenzake. Haikuhesabiwa na wala haikulipiwa. Ikipasukia njiani hakuna atakayeuliza imekwenda wapi.

Nyanya ile ishikeni akilini. Tutaihitaji.

Sasa tuondoke hapa, twende Galilaya, miaka karibu 2,000 iliyopita. Ni nchi ya vilima na ziwa, nchi ya wavuvi, wakulima na vibarua. Sokoni kwao kulikuwa na samaki, zeituni, zabibu kavu, na kulikuwa na shomoro. Shomoro mnamjua. Ni kile kindege cha rangi ya udongo kinachojenga kwenye mapengo ya paa, hasa paa la kanisa, kikaacha majani makavu na uchafu juu ya benchi. Kanisani kwetu mzee mmoja hutangaza kila mwaka kwamba safari hii mashimo yale yatazibwa. Hayajazibwa. Aliyetunga Zaburi ya 84 aliwaona ndege hao hao wakijenga nyumbani kwa Mungu, na badala ya kulalamika akawaonea wivu.

Shomoro mmoja ana uzito wa gramu 30 hivi, pungufu ya yai la kuku. Ukimnyonyoa hubaki na kitu cha maana. Ndiyo maana alikuwa nyama ya wanyonge: mtu asiyeweza kununua kuku wala samaki alinunua shomoro, akawachoma, angalau nyumba inuke nyama. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alipotoa orodha ya bei kwa himaya yote ya Roma, shomoro walikuwamo, tena wakiuzwa kumi kumi. Nani angenunua mmoja?

Yesu alikuwa anaijua bei ya shomoro. Hilo peke yake linanifurahisha, kwa sababu bei ya sokoni anaijua anayekwenda sokoni, au anayetumwa na mama yake. Katika Injili ya Mathayo anataja bei hiyo: shomoro wawili kwa sarafu moja ndogo ya shaba. Wao waliiita asarioni. Asarioni 16 zilifanya dinari moja, na dinari ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku nzima ya jua. Tuigeuze kwa hela yetu. Tuseme kibarua wa leo analipwa shilingi 10,000. Gawanya kwa 16, unapata 625. Basi kwa shilingi 625 unaondoka na shomoro wawili.

Ukifungua Injili ya Luka unamkuta Yesu anataja bei tena, lakini hapo ni shomoro watano kwa sarafu mbili. Watu wazima wengi husoma wakapita. Ninyi msipite, fanyeni hesabu. Kama wawili ni sarafu moja, sarafu mbili ni shomoro wangapi? Wanne. Huyu wa tano katoka wapi?

Nimelisimulia jambo hili kwa watoto wa Shule ya Jumapili miaka mingi, na kila mwaka kunakuwa kimya, halafu mtoto mmoja, aghalabu yule anayetumwa gengeni kila jioni, anapaza sauti: "Nyongeza!"

Ni nyongeza, wanangu. Mteja katoa sarafu ya pili, muuzaji kafurahi, kanyoosha mkono pembeni, kamchukua mmoja, kamtupia juu ya wale wanne. Nami sidhani alimchagua mnene.

Basi Yesu akawaambia wanafunzi wake kwamba katika hao watano hakuna hata mmoja anayemtoka Mungu akilini. Alikuwa na ndege wengi wa kutolea mfano. Angeweza kumtaja tai, mfalme wa anga. Angeweza kumtaja njiwa, aliyekuwa akitolewa sadaka hekaluni na kwa hiyo mtu mcha Mungu angemheshimu. Akaenda kuchukua ndege ambaye soko lenyewe halikumwekea bei, akasema Mungu anamkumbuka huyo pia. Kisha akawageukia wanafunzi, akawaambia wao wanazidi shomoro wengi, basi waache kuogopa.

Akaongeza habari ya nywele. Kwamba zile za kichwani mwao zote zimehesabiwa. Hapa huwa nawaomba watoto wajishike vichwa. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, wengine zaidi, wengine pungufu, na mimi sasa hivi pungufu kabisa. Na kila siku nywele 50 hadi 100 zinang'oka zenyewe, bila ugonjwa wowote. Muulize anayekusuka, anaziona kwenye kitana. Nyingine zinaota. Kwa hiyo hesabu ya jana leo ni kosa. Anayejua idadi sahihi ya leo ni lazima awe amehesabu leo.

Mama yako anakupenda, lakini hajui una nywele ngapi. Hajawahi hata kuwaza kuzihesabu.

Nina jaribio moja nataka mlifanye leo, halihitaji kifaa chochote. Mwite ndugu yako au rafiki yako, mkae karibu na dirisha, mwanga uwapige usoni. Sogeeni mpaka pua zikaribie kugusana. Msicheke. Sasa tazama ndani ya jicho lake, pale katikati penye weusi, kwenye mboni. Subiri kidogo. Umeona? Kuna mtu mdogo mle ndani, amekaa kimya, anakutazama. Ni wewe.

Waebrania wa kale walimwona mtu huyo kabla yetu. Katika lugha yao mboni inaitwa ishoni, na jina hilo hufasiriwa kuwa mtu mdogo. Katika Kumbukumbu la Torati kuna wimbo wa Musa unaosema Mungu aliwakuta watu wake jangwani akawatunza kama mboni ya jicho lake, na katika Zaburi ya 17 mtu aliyezungukwa na maadui anaomba atunzwe hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nadhani maana yake ni ulinzi tu: vumbi likija, kope zinafumba zenyewe hata kabla hujafikiri. Na ni kweli, hiyo imo. Ila tangu nilipofanya jaribio hili na mjukuu wangu naona na jambo jingine. Ili uonekane mle ndani, mambo mawili yanahitajika. Uwe karibu sana, na mwenye jicho awe anakutazama wewe.

Lipo na neno tunu. Katika kitabu cha Kutoka, chini ya mlima Sinai, Mungu anawaambia Waisraeli watakuwa tunu kwake, na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hapo walilenga vizuri. Tunu ni kile kitu adimu unachokitunza kwa sababu ya upendo, si kwa sababu ya matumizi. Pwani na visiwani wapo wasichana wanaoitwa Tunu. Neno la Kiebrania lililo chini yake alilitumia pia Mfalme Daudi alipokuwa akikusanya mali ya kujengea hekalu. Mfalme alikuwa na hazina ya serikali, lakini alikuwa pia na dhahabu na fedha yake mwenyewe, akiba ya moyoni, na hiyo ndiyo aliyoiita kwa neno hilo. Baadaye Petro, katika barua yake ya kwanza, akawaandikia Wakristo waliotawanyika kwenye miji ya kigeni kwamba na wao ni milki ya Mungu ya namna hiyo.

Haya. Yote hayo ni maneno mazuri, na maneno mazuri ni rahisi kuyasema ukiwa umeshiba. Kwa hiyo sasa nawaletea msichana mmoja.

Alizaliwa mnamo mwaka 1869 huko Darfur, magharibi mwa nchi tunayoiita Sudan. Nyumbani kwao hawakuwa maskini. Alikuwa na wazazi, kaka na dada, na baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji. Dada yake mkubwa alishachukuliwa na watekaji wa watumwa, kwa hiyo nyumba ile ilijua kilio. Siku moja, akiwa na miaka saba au minane au tisa, hakuna anayejua hasa, alitoka na rafiki yake kwenda shambani. Wanaume wawili wakatokea. Kwa hila wakamtenga na rafiki yake, kisha wakamshika.

Wakamuuliza jina lake. Hakuweza kujibu, hofu ilikuwa imemkaba koo. Basi wakampa jina wao: Bakhita. Ni neno la Kiarabu, maana yake mwenye bahati, na bahati yetu ya Kiswahili ni ndugu yake. Hebu fikirini. Umemteka mtoto wa watu, umempitisha porini usiku akimlilia mama yake, kisha unamwita Mwenye Bahati. Kwa hofu na kwa mateso yaliyofuata, lile jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kichwani, na halikurudi tena.

Alitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi mji wa El Obeid. Safari moja alitoroka na msichana mwenzake, wakakimbia usiku, wakakamatwa tena. Aliuzwa, akauzwa tena, akatolewa zawadi kama mtu anavyotoa sahani. Ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alimnunua awatumikie mke wake na mama yake, na katika nyumba hiyo alichanjwa mwilini kwa wembe, chale zaidi ya mia moja, zikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Sitawasimulia zaidi ya hapo. Mtasoma mkikua.

Kuna kitu kimoja tu cha miaka yake ya utotoni ninachotaka mkisikie. Alipokuja kusimulia maisha yake ukubwani, alisema kwamba hata kabla hajasikia habari za Mungu alikuwa akilitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza bwana wa vitu vizuri namna hii ni nani, na akatamani kumwona. Alikuwa ameshawajua mabwana wengi kufikia hapo. Huyo mwenye nyota bado.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani. Kwa mara ya kwanza hakupigwa. Vita vilipokaribia mji, balozi akaondoka, naye akaomba aende pamoja naye. Walifika Italia mwaka 1885. Huko akapewa familia nyingine, familia ya Michieli, awe yaya wa binti yao mdogo aliyeitwa Mimmina. Msimamizi wa mali ya familia hiyo, Illuminato Checchini, akampa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua yule mtu msalabani ni nani. Hata hivyo aliuficha, bibi mwenye nyumba asije akauchukua. Katika maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu, na cha kwanza kabisa kilikuwa hicho.

Mwishoni mwa mwaka 1888 bibi huyo alisafiri kwenda Sudan kwenye shughuli za mume wake, akamwacha Mimmina na yaya wake kwa masista Wakanosa mjini Venezia. Masista wakaanza kumfundisha. Huko Venezia watu waliongea lahaja yao, na bwana mwenye mali walimwita paron. Sisi Waswahili hapa tunaelewa kuliko wengine, kwa sababu nasi tuna neno moja tu: anayemiliki mtumwa aliitwa bwana, na Yesu tunamwita Bwana. Bakhita aliyekuwa na mabwana wenye mijeledi sasa akaambiwa kwamba yupo Paron aliye juu yao wote, ndiye mwenye jua na nyota, na kwamba huyo naye alichapwa mijeledi. Kwamba alikuwa anamjua yeye Bakhita tangu Darfur. Na kwamba anamngojea.

Bibi akarudi kumchukua. Bakhita akakataa kuondoka. Mwanamke aliyezoea kuinama mbele ya kila mtu akasema hapana, mara moja, akairudia. Bibi akakasirika, akasema huyu ni mali yangu. Shauri likafika kwa Kardinali wa Venezia na kwa mwanasheria wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo mwanamke huyu ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa kwa majina Giuseppina Margherita Fortunata. Fortunata ni Bakhita kwa lugha yao. Jina lile la kejeli hakulitupa. Aliingia nalo majini, akatoka nalo. Wanasema kwamba baada ya hapo, kila akipita karibu na kisima cha ubatizo alikibusu, akisema hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Mwaka 1896 aliweka nadhiri akawa sista. Tangu 1902 aliishi Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, akipika, akidarizi, akitunza kanisa, na kwa muda mrefu akiwa bawabu, yaani anayefungua mlango wa nyumba ya watawa watu wakigonga. Watoto wa mji walimzoea. Walimwita Madre Moretta, Mama Mweusi. Alikufa hapo tarehe 8 Februari 1947, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu. Wale kati yenu ambao ni Walutheri, Waanglikana au Wapentekoste, najua kwenu hakuna mambo ya kutangaza watakatifu. Haidhuru. Hadithi ni yenu pia.

Kufikia hapa kuna mkono mmoja huwa unanyooshwa, na si wa yule mtoto wa gengeni. Ni wa yule mtulivu anayekaa nyuma. Anauliza: "Kama Mungu alikuwa anamhesabu nywele, mbona aliacha wamchanje?"

Nawaambia ukweli, miaka ya kwanza niliogopa swali hili. Nilikuwa nalijibu haraka haraka kisha nageukia wimbo. Siku hizi siharakishi. Someni tena habari ya shomoro katika Mathayo. Yesu hakusema shomoro haanguki. Alisema haanguki Baba akiwa hana habari. Kuanguka kumo katika sentensi. Tena maneno hayo aliwaambia wanafunzi 12 siku alipokuwa akiwatuma nje, akiwa ameshawaonya kwamba watapigwa na watashitakiwa. Hakuwauzia uongo.

Hata Bakhita mwenyewe hakusahaulishwa. Katika ugonjwa wake wa mwisho, akiwa mzee, akiwa salama kitandani kati ya watu wanaompenda, akili yake ilirudi Sudan. Alimwomba anayemuuguza amlegezee minyororo, ni mizito. Zaidi ya miaka 50 ya kuwa mtu huru, na minyororo bado ilikuwa inambana ndotoni. Anayewaambia kwamba mtu akimpata Mungu hapati tena maumivu, mwulizeni kuhusu Schio.

Kwa nini Mungu aliacha? Sina jibu ninaloweza kuwaandikia ubaoni kama jedwali la kuzidisha. Ninachoweza ni kuwaonyesha bei nyingine. Yuda alipomtoa Yesu kwa makuhani alilipwa vipande 30 vya fedha. Sasa nendeni kwenye sheria ya Musa, kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe wa mtu akimpiga pembe mtumwa wa jirani, mwenye ng'ombe analipa fidia, na fidia hiyo ni kiasi gani? Shekeli 30 za fedha. Bei ya mtumwa. Yule aliyetuambia habari ya shomoro wa tano naye aliwekwa kwenye mizani ya soko, akapimwa, akauzwa kwa bei ile ile ya watu kama Bakhita. Nadhani Bakhita alipoelezwa habari zake pale Venezia hakuhitaji kufafanuliwa. Alimtambua.

Mtoto wa nyuma huwa hasemi kitu hapo. Sidhani kila mara anaridhika, nami simlazimishi. Mwaka mmoja alikuwa msichana, akanifuata nje watu wakishatawanyika, akaniuliza: "Mwalimu, lile jina lake la kwanza halikupatikana kabisa?" Nikamwambia halikupatikana. Hakuna karatasi wala ndugu aliyekuja kulitaja. Akafikiri. "Kwa hiyo Mungu anamwita nani?"

Nilibaki nimeshika Biblia tu. Nikakumbuka vazi la Haruni, kuhani mkuu, kifuani lina vito 12, na kwenye kila kito limechongwa jina la kabila moja la Israeli, ili akiingia mbele za Mungu awe ameyabeba majina juu ya moyo wake. Majina, moja moja. Hayakuandikwa "watu wako kwa ujumla". Nikamweleza yule msichana hayo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kucheza rede.

Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki limeifanya tarehe 8 Februari, siku aliyokufa Bakhita, kuwa siku ya kuwaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kwa hila, maana biashara hiyo haijaisha. Siku hizi haiji na mijeledi na minyororo. Inakuja na nauli ya basi na ahadi ya kazi nzuri mjini.

Nina kazi moja ya nyumbani kwenu, si ya kuandika daftarini. Katika nyumba zetu nyingi yupo dada wa kazi. Anaamka kabla yenu, anawafulia sare, anawapa uji, analala wa mwisho. Wakubwa wanamwita "dada", ninyi mnamwita "dada", na wenye utani mbaya mtaani wanamwita "beki tatu". Katoka kwao na jina alilopewa na mama yake, pengine na la ukoo pia. Leo jioni, kabla hujalala, muulize anaitwa nani. Kisha umwite hivyo.